Ada ya Kata Moja

Chihangu, juu ya uwanda wa Newala,
mwaka ule korosho zilipoozea mitini kwa mvua,
wanawake kumi na mmoja walifungua kilabu
ndani ya ghala lisilo na kitu.
Bibi Maendeleo alikuja na gari la serikali,
akawagawia sindano, uzi wa sufu na mfano wa soksi.
Walishukuru. Wakafuma soksi moja.
Ikaonyeshwa hiyo hiyo kila alipokuja,
miaka miwili,
naye akaandika kwenye ripoti: Wanaendelea.

Kazi yenyewe ilikuwa kitabu.
Kimoja. Edita Mnonjela alikitoa misheni, Masasi,
kimeviringishwa ndani ya upande wa kanga,
mwisho wake umeshaliwa na panya.
Kiliishia ukurasa wa mia na kumi na mbili:
mjane amesimama, mkono juu ya komeo,
na nje mtu anapiga hodi.

Ada haikuwa senti. Nani alikuwa na senti?
Ada ilikuwa kata moja ya maji.
Asiyeijua Newala atacheka.
Maji yetu yalikaa chini, bondeni,
unashuka na nyota, unapanda na jua,
na njiani hapana kujikwaa.
Kata kumi na moja hufika nusu debe,
na nusu debe ni asubuhi nzima:
alipewa msomaji wa juma lile
asishuke, akae barazani kwake,
apitie kurasa na macho yaliyolala.
Mimi nilikuwa mtoto wa kuhesabu,
kila kata, mstari wa mkaa ukutani.
Binti Likwata alizoea kuleta nusu.
Nikamwandikia nusu mstari.
Alikufa hajanisamehe.

Kisha Bi Namkwacha.
Alivaa ndonya, na usoni alikuwa na nembo
tulizozisoma kabla hatujajua a wala e.
Zamu yake ilipofika, herufi za midomo zilimponyoka,
pa ikawa upepo, ba ikadondoka chini.
Somoe Nachundu akacheka ndani ya leso.
Bi Namkwacha akafunga kitabu, taratibu,
akaniomba mkaa.
"Mkono wangu hauna ndonya," alisema,
akaandika ukutani, juu ya hesabu za maji:

    Nateremka gizani, jogoo hajaamka,
    Debe tupu mkononi, na ndoto imekatika,
    Napanda nalo kichwani, jua limeshanishika,
    Barua ya kwetu bonde, husomwa kwa visigino.

Edita aliusoma ubeti mara tatu.
Mara ya tatu hakuumaliza.
Somoe akaondoka bila kuaga,
akarudi na kata ya pili, ambayo hakudaiwa.
Sikujua niiandike wapi.

Mwezi uliofuata kila mmoja alileta mwisho wake wa kitabu.
Somoe alisema ni mume, karudi toka mkonge,
mguu mmoja kauacha huko.
Binti Likwata: ni mdai kodi, asifunguliwe kabisa.
Edita akaleta malaika. Walimzomea.
Bi Namkwacha alitafuta maneno yake polepole,
yale yasiyohitaji midomo, akayakosa,
akaandika tena:
Anayebisha angoje. Mjane yumo katikati ya sentensi.

Ghala lilibomolewa, sikumbuki mwaka.
Matofali yalijenga choo cha shule.
Nilikwenda kuangalia, nikiwa mtu mzima sasa,
nikatafuta mkaa kwenye kila tofali.
Walikuwa wamepaka chokaa.

Mwaka juzi, maktabani Mtwara, nilikikuta kitabu kile,
kizima, gamba gumu, hakijaguswa na panya.
Nikasoma hadi mia na kumi na mbili.
Mkono ulikuwa juu ya komeo.
Kidole changu kilikuwa pembeni mwa karatasi,
kimelowa jasho.

Nikakirudisha rafuni.
Uani palikuwa na bomba, linadondoka tone, tone,
na watu wanapita.
Nikalifunga.